Moto wa Zizini

Moto wa jikoni kwa Bwana Miwani ulipoanza kufifia, hakuna aliyemlaumu Bwana Miwani. Mpishi alimweleza karani, karani akavaa kofia yake, akashuka kutoka ofisini hadi zizini kumlaumu Mzee Lupakisyo. Ndivyo mambo yalivyokwenda kwenye lile shamba la mkonge kati ya Kimamba na Kilosa. Neno likitoka juu lilishuka kama maji ya mvua, na siku zote lilituama kwa mtu wa chini kabisa.

"Wewe mzee," alisema Karani Petro, akiwa amesimama upande upepo unakotoka na leso puani. "Memsahib amengoja chai leo mpaka amekasirika. Unafanya nini huku?"

Petro alikuwa kijana wa Mamboya, aliyesoma misheni. Kwao asingethubutu kumpita mtu mwenye mvi bila shikamoo. Lakini suruali ya kaki na funguo za ofisi zilikuwa zimemsahaulisha mengi, na Mzee Lupakisyo, aliyeweza kumzaa, alikuwa amekwisha kuzoea kusimama mbele yake bila kuamkiwa.

"Ng'ombe wamepungua, karani," mzee alijibu taratibu. "Wanaokula wachache, wanaokunya wachache. Mimi sina mavi yangu ya kuongeza."

Wachunga maksai waliokuwa karibu walicheka. Petro hakucheka.

Tangi la kutengenezea moto huo lilikuwa pale pembeni mwa zizi. Bwana Miwani, meneja wa shamba, alikuwa amesoma mahali fulani kwamba mavi ya ng'ombe yakichanganywa na maji na kufungiwa yasipate hewa, hutoa hewa yake yenyewe, na hewa hiyo huwaka. Akachimbisha shimo refu kupita kimo cha mtu, akalijengea kwa saruji, akalifunika kwa pipa kubwa la chuma lililopinduliwa. Pipa hilo lilipanda lenyewe hewa ilipojaa na kushuka ilipotumika. Bomba likapelekwa mpaka nyumbani kwake mlimani, likawasha jiko na taa ya barazani. Watu wa kambini walisema ni uchawi, halafu wakaona mwenye uchawi ni mzungu, wakanyamaza. Kazi ya kuzoa, kukoroga na kumimina akapewa Mzee Lupakisyo.

Alipewa kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Alikuja kutoka Tukuyu akimfuata mwanawe, Mathayo, aliyekuwa manamba, kibarua wa mkataba, pale. Mganga wa shamba alimgusa kifua, akasema huyu hawezi kukata mkonge, asiandikiwe kipande, ile kadi ya mkataba wa kazi. Bila kipande hakuna posho wala mahali pa kulala. Kule kwao mkewe alikuwa amefariki, na shamba lake lilikuwa mikononi mwa watoto wa nduguye, watu wasiopenda kukumbushwa lilikuwa la nani. Ni tangi lile lililompa ruhusa ya kulala katika kibanda cha majani kando ya zizi.

Mambo yaliharibika pale maksai walipopelekwa Mikumi kukokota magogo ya daraja. Walirudi manyoya yamesimama, macho yanatoka maji, kwa kuwa huko porini mbung'o waliwala. Wakaanza kufa mmojammoja. Mzee Lupakisyo, ambaye kwao ng'ombe alilala ndani ya nyumba na kufagiliwa kama mgeni, alilia kila mzoga ulipokokotwa. Bwana Miwani aliandika barua kuomba maksai wengine. Lakini moto wake haukungoja barua.

"Sikiliza," alisema Petro. "Jumamosi ijayo wanakuja mabwana wa mashamba mengine na wake zao kuona taa inayowaka kwa mavi. Bwana amekwisha kuwaalika. Isipowaka, kazi hii imekwisha. Na asiye na kazi hapa hana kibanda. Umesikia?"

"Nimesikia, baba," akasema mzee, na yule kijana akaitikia kwa kichwa kana kwamba jina hilo lilimstahili.

*

Habari hizo zilifika kambini kabla ya chakula cha mchana, na aliyezileta ni Mwamvua.

Mwamvua alikuwa mwenyeji wa pale, Msagara, mumewe akiendesha toroli za mkonge relini. Chumba chake kilipakana na cha Mathayo na mkewe Raheli. Kila siku ndiye aliyempelekea Mzee Lupakisyo chakula kilichopikwa na Raheli, maana Raheli mwenyewe hakuweza. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamwoni baba mkwe. Hamtazami usoni, halitamki jina lake, hapiti alipokaa. Wakikutana njiani, mwanamke huiacha njia, akajifunika nguo, akageukia majani mpaka mkwe apite. Kwenye milima ya Tukuyu, ambako nyumba zilikuwa mbalimbali na migomba mingi, hilo halikuwa tabu. Kambini, ambako vyumba vilijipanga kama meno na choo kilikuwa kimoja, Raheli alishinda akijificha, na wanawake wa makabila mengine wakamfanya mchezo.

"Mkweo anakuja!" walimpigia kelele kisimani, naye akaangusha ndoo, akakimbia, wao wakaanguka kwa kicheko.

Mwamvua naye alimtania, lakini sahani aliipeleka. Siku aliposhindwa kwenda, Raheli aliweka chakula juu ya jiwe bapa lililokuwa katikati ya njia ya zizini, akakohoa kidogo, akaondoka. Mzee aliposikia ule mkohozo alingoja kidogo, naye akakohoa, kisha akaja kuchukua. Huko ndiko kuongea kwao. Kwa miaka yote hiyo Raheli alimjua mkwewe kwa mkohozo, na kwa miguu, kwa kuwa macho yake yalikuwa chini siku zote. Miguu mipana, kidole gumba cha kushoto kimepinda kilipokanyagwa na ng'ombe zamani.

"Wanamfukuza baba mkwe wako," alisema Mwamvua akikaa mlangoni. "Moto usipowaka Jumamosi, na aende zake. Karani amesema mbele za watu."

Raheli aliacha kupepeta. "Aende wapi?"

"Utajua mwenyewe. Mimi nakupa habari, sikupi na dawa."

Raheli aliweka ungo chini. Wengine wangedhani mwanamke aliyeteswa na kujificha angefurahi kusikia mkwewe anaondoka. Yeye moyo ulimuuma. Mwaka uliopita, alipozika mtoto wake wa kwanza, hakuna aliyejua la kumwambia, hata Mathayo. Lakini asubuhi ya pili alikuta juu ya jiwe bapa mzigo wa kuni kavu zilizofungwa vizuri kwa kamba ya mkonge, na asubuhi iliyofuata tena, mpaka akapata nguvu za kwenda kuni mwenyewe. Kisha ikaonekana miche ya migomba nyuma ya chumba chake, imepandwa kwenye mashimo yaliyojaa samadi, kama kwao. Hakuweza kumshukuru. Angemshukuru vipi mtu asiyeruhusiwa kumsemesha? Alichoweza ni kuongeza mboga kwenye sahani.

"Akiondoka atafia njiani," alisema. "Kifua kile hakifiki Iringa."

"Basi mwombeni Mungu ng'ombe waharishe," Mwamvua akasema, kisha akajuta. "Nisamehe, shoga yangu. Mdomo huu."

*

Mathayo alirudi jioni, mikono imevimba kwa utomvu wa mkonge. Kazi yake ilikuwa kwenye korona, ile mashine ya kuponda majani na kutoa nyuzi. Alisikiliza yote akiwa bado amesimama.

"Yale makapi ya korona," akasema baada ya kufikiri. "Yanapotupwa bondeni hayakai kitako. Yanachemka yenyewe, yanatoa mapovu, yananuka. Si kama mavi tu? Tukiyatia tangini?"

"Baba atakubali?"

"Baba ana nini kingine cha kukubali?"

Na kweli mzee alikubali. Mathayo na mume wa Mwamvua walimletea makapi kwa toroli baada ya kazi, yeye akayakoroga na kuyamimina pamoja na mavi machache yaliyokuwepo. Siku iliyofuata pipa lilipanda. Jikoni kwa Bwana Miwani moto ukaruka, mpishi akacheka, Petro akapita zizini akasema, "Unaona? Uvivu tu ule." Kambini Raheli alipika ndizi kwa nyama kidogo aliyokopa kwa Mwamvua, akampelekea mkwewe kama sikukuu.

Furaha ya maskini haifiki asubuhi. Pipa lilishuka, likakaa chini kama kuku aliyeatamia, na halikupanda tena. Kwenye mdomo wa shimo kulitoka harufu ya uchachu, kama togwa iliyoharibika. Mzee aliongeza mavi, akaongeza maji, akakoroga mpaka kifua kikambana. Wapi. Ule mkonge uliotafuna mikono ya watu ulikuwa umekwisha kuliua tangi, na hakuna pale aliyejua, si mzee, si mwanawe, si mwenye tangi.

Siku mbili tatu kabla ya Jumamosi, Bwana Miwani alishuka mwenyewe. Alikuja na fimbo yake na Petro nyuma. Akainama, akanusa, akakunja uso.

"Nani tia takataka hapa?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

Mzee alitazama chini. Angeweza kumtaja mwanawe. "Mimi, Bwana."

"Wewe mjinga. Mjinga sana, boi."

Mathayo hakuwepo kusikia baba yake akiitwa boi, na hiyo ilikuwa afadhali. Bwana Miwani alizungumza na Petro kwa Kiingereza, huku akionyesha pipa kwa fimbo, kisha akaondoka.

"Amesema pipa liondolewe," Petro alieleza. "Tangi limwagwe lote, lisuguliwe, lijazwe upya. Leo hii na kesho. Na hapana kuvuta tumbako hapa karibu, kuna hewa ya moto. Mtu akilipua tangi la Bwana atakiona."

Hayo ndiyo maonyo yaliyotolewa. Mtu asilidhuru tangi. Kwamba tangi nalo laweza kumdhuru mtu, hakuna aliyelisema.

"Likijazwa upya litawaka Jumamosi?" mzee aliuliza.

Petro alisita. Yeye mwenyewe aliliuliza swali hilo kwa Kiingereza, akajibiwa kwa kuinuliwa mabega. "Litawaka ukifanya kazi," akasema.

*

Kesho yake asubuhi wanaume waling'oa pipa kwa magogo na minyororo, wakalilaza kando. Wakachota uchafu kwa ndoo za kamba, wakaumwaga mtaroni, mpaka kamba zikagusa matope mazito ya chini yasiyochoteka. Saa ya kwenda mashambani ilipofika, mnyapara aliwapigia filimbi wakaondoka. Yaliyobaki ni ya mzee, akasema mnyapara, si kazi yake?

Siku hiyo Mwamvua alikuwa amekwenda Kilosa mazikoni. Jua lilipofika kichwani, Raheli alifunika sahani, akajitanda kaniki, akashika njia ya zizini. Alifika kwenye jiwe bapa, akaweka chakula, akakohoa.

Hakuna aliyemjibu.

Alikohoa tena. Kutoka kule tangini alisikia koleo likikwaruza saruji, tena kwa nguvu, akaelewa kwamba mzee yumo ndani na hasikii. Alisogea hatua chache, macho chini, ili akohoe kwa karibu. Hapo ndipo alipoona, juu ya uzio wa zizi, kaptula ya mkwewe na shati lake, vimekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe visipeperushwe. Mzee alikuwa na kaptula hiyo moja. Hakutaka kuichafua.

Raheli aligeuka upesi kana kwamba amechomwa. Mkwe yumo shimoni uchi! Alikimbilia nyuma ya ukuta wa zizi, akajikunyata. Kwao mwanamke aliyeuona uchi wa baba mkwe alikuwa amevunja kitu kisichoungika kwa maneno. Alikaa pale akisikiliza, akitaka kuondoka, akiogopa asije akaonekana akipita.

Koleo likakwaruza. Likanyamaza. Kikasikika kikohozi, si kile cha jiweni, kingine, kirefu chenye mkwaruzo. Kisha kitu kizito kikaanguka kwenye matope.

"Anapumzika," Raheli alijiambia.

Akangoja. Ng'ombe wagonjwa walikuwa wakipunga mikia. Nzi walikwisha kukijua chakula kule jiweni. Alikohoa kwa nguvu, akakohoa mpaka koo likamkauka, na shimo halikujibu. Angekuwa na mtu wa kumwita angemwita, lakini maksai wazima na watu wao walikuwa mbali mashambani. Angeliita jina la mzee, lakini jina hilo lilikuwa halijapata kupita mdomoni mwake, na hata pale, akiwa amefumbua mdomo, lilikataa kutoka. Alipiga hatua kuelekea shimoni, akaiona tena ile kaptula, akarudi. Akapiga hatua tena. Akafunika uso kwa kaniki, akalia, na ghafla akageuka, akakimbia.

Korona ilikuwa mbali, na kelele zake zilimeza kila neno. Mnyapara wa mlangoni alimzuia. "Wanawake hawaingii. Unataka nini?"

"Mathayo! Baba yake!"

"Amekufa?"

"Sijui! Sikutazama!"

"Hukutazama, sasa unalia nini?" Lakini aliona uso wake, akaingia kumwita.

Mathayo alimwacha mkewe nyuma kwa mbali. Alipofika hakuuliza wala hakuvua kitu. Alichungulia, akamwona baba yake amelala kifudifudi kwenye matope, akashuka ngazi akimwita. Alikuwa kijana wa kubeba mafungu ya mkonge ambayo watu wawili walikataa. Hakufika hata kumgeuza. Wanaume waliomfuata walimwona akipepesuka kama mlevi, akipiga magoti, akilala juu ya mgongo wa baba yake. Mmoja alipata akili ya kutoshuka. Walitupa kamba yenye kitanzi, wakahangaika, wakamvuta Mathayo juu akiwa mweusi midomo, anatokwa povu. Alitapika, akavuta pumzi. Mzee walimtoa baadaye, kwa kulabu za magogo.

Basi iko wazi kwamba Raheli angeshuka mle shimoni penye hewa ya sumu, tungekuwa tunazika wawili. Mwiko wake ndio uliomwokoa. Lakini hakuna aliyemwambia hivyo, siku ile wala baadaye. Walichomuuliza wote ni kitu kimoja, kwa nini hukuchungulia?

*

Bwana Miwani alifika na uso mwekundu. Aliutazama mwili uliofunikwa gunia la katani, akalitazama tangi lililo wazi, na watu walioujua uso wake walisema baadaye kwamba alilitazama tangi zaidi. Alizungumza kwa kirefu na Petro. Mathayo alikuwa amelazwa chumba cha dawa cha shamba, hajui aliko, anaweweseka kwa Kinyakyusa.

"Bwana ametaka mambo yaishe leo," alisema Petro akifungua karatasi. "Azikwe leo leo. Hakuwa na kipande, kwa hiyo hatuna alama ya kidole chake wala jina lake ofisini. Lazima ndugu aseme, huyu ni fulani, ameanguka kwa bahati mbaya. Ndugu ni nani?"

"Mwanawe yuko kitandani," akasema mtu mmoja.

"Mwingine?"

Macho yote yakamgeukia Raheli, aliyekuwa ameketi mbali, mgongo kwao, kaniki imemfunika mpaka kichwani.

"Njoo, mama," Petro akaita. "Njoo umtazame useme ni nani."

Hakusogea. Mwamvua alikuwa amerudi kutoka Kilosa, bado na vumbi la safari miguuni. Alijitokeza mbele.

"Mimi namjua. Nimempelekea chakula kila siku. Ni Lupakisyo, baba yake Mathayo. Andika."

"Wewe si ndugu."

"Karani, huyu ni mkwewe! Kwao hawatazamani. Wewe ni mtu wa hapa, unajua mila ni nini."

"Ninajua karatasi ni nini," alisema Petro, lakini hakumtazama. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwamvua, usinitie matatani. Bwana amesema ndugu. Nikiandika uongo, nami nitakwenda kuzoa mavi."

Bwana Miwani alitazama saa yake, akasema neno. Petro akaenda mwenyewe alipoketi Raheli, akamshika mkono, akamwinua. Mwanamke alikuja kama mtu aliyelala. Alipofika kwenye gunia aliinamisha kichwa.

"Fungueni miguu," alinong'ona.

"Nini?"

"Miguu. Nitamjua kwa miguu."

Wakafunua miguu. Ilikuwa na matope, na mtu mmoja akaifuta kwa majani. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda. Raheli alikiangalia, machozi yakamdondokea kaniki.

"Ni yeye."

Petro alimtafsiria Bwana. Bwana akatikisa kichwa, akanyoosha fimbo, akaonyesha juu. Mtu hatambuliwi kwa miguu.

"Uso, mama," Petro alisema. "Tafadhali. Tumalize."

Mtu aliyeshika gunia hakujua kazi yake. Alilivuta kwa upande mmoja, nalo, zito kwa maji, likateleza lote. Mzee Lupakisyo alilala pale mbele ya watu kama alivyoshuka shimoni. Mwamvua alipiga ukelele, akajitupa na kanga yake kumfunika. Lakini Raheli alikuwa amekwisha kumwona. Alimwona kuanzia juu hadi chini, na alichokishangaa, kama alivyomwambia Mwamvua muda mrefu baadaye, ni kwamba uso ulikuwa wa mtoto wake aliyemzika. Paji lile lile na nyusi zile zile. Angekuwa ameruhusiwa kumtazama mzee akiwa hai, angekuwa akimwona mwanawe kila siku.

"Jina," akasema Petro, kalamu mkononi.

Akalitamka.

*

Jumamosi wageni walikuja kwa magari. Tangi lilikuwa limejazwa, lakini mavi mapya hayatoi hewa kwa amri, na taa ya barazani ilikuwa ya mafuta ya taa. Wageni walishuka kidogo kulitazama pipa, wanawake wakiwa na leso puani, wakarudi juu kunywa. Baada ya mwezi maksai waliosalia walikufa, na Bwana Miwani akapata trekta. Bomba likang'olewa, tangi likajaa maji ya mvua na vyura.

Mathayo alipona mwili. Alipopata fahamu na kuambiwa yote, aliugeukia ukuta. Wazee wa Kinyakyusa waliokuwa pale shambani walikutana. Hawakuwa watu wabaya, na mmoja wao alilia. Walisema mwanamke hakukusudia, lakini jambo limetendeka, uchi umeonekana na jina limetamkwa, tena mbele ya watu. Panahitajika ng'ombe wa kutakasia, na ndugu wa marehemu, na mambo ya kufanyiwa nyumbani. Mpaka hapo mume asilale naye wala asile naye chungu kimoja, isije ikazaa kifo kingine. Mwenye kipande haruhusiwi kusafiri kabla hakijaisha, na kikiisha, ng'ombe atatoka wapi? Manamba gani aliwahi kurudi kwao na ng'ombe?

"Ulifanya yote uliyofundishwa," Mathayo alimwambia mkewe siku alipokuwa akikusanya blanketi lake. "Sikulaumu."

"Basi usiondoke."

"Naogopa, Raheli."

"Unaniogopa mimi?"

Mathayo alilitupia blanketi begani. Alikwenda kulala katika kile kibanda cha majani kando ya zizi tupu.

Mwamvua alijitolea kumpelekea chakula kama zamani, lakini mumewe alihamishiwa upande wa Kilangali akaenda naye. Basi tangu hapo Raheli huchuma ndizi kwenye ile migomba iliyostawi kwa samadi ya mzee, akazipika, akajitanda kaniki, akashika njia ya zizini. Huweka sahani juu ya jiwe bapa, akakohoa kidogo, akageuka kuondoka. Nyuma yake, kutoka kibandani, Mathayo humjibu kwa kikohozi.